Kabla ya Kulala kwenye MRI ya Wazi

Mgonjwa anayeambiwa na daktari kwamba anahitaji kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, huondoka na karatasi ya rufaa mkononi na maswali mengi kichwani, na mara nyingi maswali hayo hujibiwa na majirani kabla ya kumfikia mtaalamu. Hapa Dodoma nimesikia watu wakisema kwamba MRI inachoma mwili kwa mionzi, kwamba aliyepimwa mara moja haruhusiwi kupimwa tena, na kwamba mashine ya wazi haina sumaku ya kuogopwa. Nimelala mwenyewe kwenye mashine hiyo kwa ajili ya maumivu ya mgongo, kisha nikamsindikiza baba yangu mdogo alipopelekwa kupimwa shingo, na ninaandika haya ili anayekwenda ajue kitakachotokea tangu mlangoni, na hasa ajue kwamba sehemu kubwa ya usalama wake na ya ubora wa picha zake imo mikononi mwake.

Kwangu maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka nyuma ya paja la kushoto mpaka kwenye unyayo, na kazi yangu ya uhasibu, inayonikalisha kitini kutwa nzima katika ofisi moja kule Mtumba, iliyazidisha. Dawa na mazoezi ya viungo vilisaidia kwa muda, kisha ganzi ikaanza mguuni, na hapo daktari wa mifupa akasema kwamba sasa anahitaji kuona zaidi ya mifupa. Eksirei niliyokuwa nayo ilionyesha vizuri pingili za uti wa mgongo, lakini diski zilizo katikati ya pingili hizo na mishipa ya fahamu inayopita kando yake havionekani kwa eksirei; MRI ndiyo inayovionyesha. Nilimweleza daktari kwamba siwezi kukaa mahali pembamba palipozibwa, hata safari fupi ya lifti hunitoa jasho, na ninashukuru kwamba hakulipuuza jambo hilo. Alinifafanulia kwamba mashine ya kawaida ni bomba lenye kipenyo cha kama sentimita 60, au sentimita 70 kwa zile pana, ambamo mgonjwa huingizwa akiwa amelala, na kwamba wako wengi wasioweza kulivumilia: wenye hofu kama yangu, watu wenye miili mikubwa, watoto. Kwa ajili yao zipo mashine zilizo wazi pembeni. Aliandika hivyo kwenye karatasi ya rufaa, nami ninamsihi kila mwenye hofu hiyo aiseme mapema akiwa bado mbele ya daktari wake, kwa sababu akiisema akiwa tayari amelazwa mezani, siku yake na ya wote waliomo kwenye foleni huwa imeharibika.

Mashine ya wazi ina sahani mbili kubwa na nene za sumaku, moja juu na nyingine chini, zinazoshikiliwa na nguzo, na kitanda huingia katikati yake. Sahani ya juu huwa karibu na kifua au uso kutegemea kiungo kinachopimwa, na anayetazama juu ataiona karibu kuliko alivyotarajia. Lakini ukigeuza macho pembeni unaona chumba kizima, unaona dirisha la kioo analokalia mtaalamu, na unaona mtu aliyekusindikiza. Kwangu hilo ndilo lililonipa uwezo wa kulala pale mpaka mwisho. Kuhusu mionzi, ukweli ni kwamba MRI haitumii mionzi ya eksirei hata kidogo. Sumaku hupanga viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji na mafuta ya mwili, mawimbi ya redio huvitoa kwenye mpangilio huo, na vinaporejea hutoa ishara dhaifu ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003 kwa ugunduzi wao katika njia hii, na kwa kuwa haina mionzi hiyo, mgonjwa anaweza kurudia kipimo kila daktari anapoona haja.

Uwazi wa mashine, hata hivyo, umewafanya wengi waidharau sumaku yake. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa Tesla. Mashine nyingi za bomba zina Tesla 1.5 au 3, na nyingi za wazi zina kati ya 0.2 na 0.4, ingawa zipo chache zinazofika Tesla 1 na kuzidi kidogo. Sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, ina takriban Tesla 0.00005, kwa hiyo mashine ya Tesla 0.3 inaizidi kama mara 6,000. Tena nyingi kati ya mashine za wazi zimetengenezwa kwa sumaku ya kudumu, isiyohitaji umeme ili ivute: umeme ukikatika, taa zikazimika na kompyuta zikanyamaza, sumaku inaendelea kuvuta vilevile, usiku na mchana. Ndiyo sababu magongo ya chuma, viti vya magurudumu na mitungi ya oksijeni ya kawaida huachwa nje ya mlango, na ndiyo sababu ndugu anayetaka kuingia kumshika mgonjwa mkono huulizwa maswali yaleyale anayoulizwa mgonjwa.

Maswali hayo ndiyo sehemu ambayo ningependa kila msomaji aikazie macho. Watu wengi huyachukulia kama fomu nyingine ya hospitali, wakaweka alama ya hapana kila mstari ili wamalize. Nilipomsindikiza baba mdogo, aliyepokea fomu alikuwa binti wa makamo yangu, mtaalamu wa radiolojia, ambaye baada ya shikamoo alivuta kiti akakaa kabisa, jambo ambalo wazee wetu hulithamini. Alipofika kwenye swali la kipande cha chuma machoni, baba mdogo alijibu hapana bila kusita. Binti hakuandika.

“Mzee wangu, kabla ya kustaafu ulikuwa unafanya kazi gani?”

“Fundi wa kuchomelea, mwanangu. Kibaigwa pale, karibu na soko la mahindi. Milango, madirisha, matela, yote nimeyatengeneza.”

“Na cheche haikuwahi kukuingia jichoni?”

“Ah, hizo nyingi. Zilikuwa zinaingia, tunatoleana wenyewe kwa ncha ya kitambaa, kazi inaendelea.”

Binti aliweka kalamu chini, akamweleza kwa utulivu kwamba punje ya chuma iliyosahaulika ndani ya jicho inaweza kusogezwa na sumaku ikajeruhi jicho na hata kulipofusha, na kwamba kabla ya yote angepigwa eksirei ya macho. Baba mdogo hakuwa amedanganya. Kwa fundi aliyechomelea maisha yake yote, cheche jichoni ni sehemu ya siku ya kazi, wala hakuiona kuwa ni jambo la kutajwa hospitalini. Eksirei ilionyesha macho safi, akaruhusiwa kuingia, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia mafundi wote ninaowajua, wa kuchomelea, wa kukereza vyuma na wa kusaga kwa jiwe, kwamba waitaje kazi yao hata kama hawakuulizwa.

Yapo mengine yanayopaswa kutajwa. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, klipu iliyowekwa kwenye mshipa wa damu wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, na risasi au kipande chochote kilichobaki mwilini ni mambo yanayoweza kuzuia kipimo kabisa au kukiruhusu kwa masharti, kutegemea aina na kampuni iliyokitengeneza. Vyuma vya mifupa, ambavyo siku hizi vijana wengi wanavyo kutokana na ajali za bodaboda, mara nyingi havizuii kipimo, ila huacha kivuli cheusi kwenye picha ya sehemu vilipo. Mwenye navyo aje na karatasi za hospitali alikofanyiwa upasuaji ili mtaalamu asibahatishe. Mama mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango aseme, na mwenye ujauzito au anayedhani anao aseme pia, hata kama ujauzito huo ni wa wiki chache.

Kisha yapo mambo ambayo watu wetu huyaficha kwa staha. Shanga za kiunoni zilizotungwa kwa waya, hirizi yenye kifuniko cha bati, bangili ya shaba iliyovaliwa kwa ajili ya maumivu ya viungo: vyote hivyo vinatakiwa kuvuliwa. Shaba haivutwi na sumaku, ni kweli, lakini inapitisha umeme, na kitu kinachopitisha umeme kikigusa ngozi wakati mawimbi ya redio yanafanya kazi kinaweza kupata joto na kuunguza. Mwanamke anayeona haya kutaja shanga mbele ya mtaalamu mwanamume ana haki ya kuomba azungumze na mwanamke, na pale nilipopimwa ombi hilo lilipokelewa bila maswali. Pini za mtandio, vibanio vya nywele, wigi lenye klipu, sidiria yenye waya au ndoana, na wanja au rangi za macho ambazo nyingine huwa na chembe za madini, ni afadhali viachwe nyumbani tangu asubuhi. Simu na kadi ya benki hubaki kwenye kabati, kwani sumaku huviharibu.

Kwa anayetoka Mpwapwa, Kondoa au Manyoni, nashauri abebe eksirei na ripoti zake zote za zamani, awe ameuliza mapema kama bima yake inahitaji kibali kabla ya kipimo, na aende msalani dakika chache kabla ya kuitwa. Hili la msalani linaonekana dogo, lakini kwa mzee atakayelala bila kujitikisa kwa nusu saa na zaidi ni jambo kubwa. Kwa vipimo vingi, cha mgongo kikiwemo, hakuna haja ya kufunga kula, na dawa za kila siku huendelea kama kawaida isipokuwa mgonjwa ameelekezwa vingine. Chumba huwa na baridi, hata sisi tuliozoea upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba tunaihisi. Niliruhusiwa kujifunika kanga juu ya gauni la hospitali baada ya mtaalamu kuikagua.

Mezani, nilifungwa kiunoni mkanda mpana wenye waya ndani yake, unaoitwa koili, ambao ndio unaopokea ishara kutoka mwilini, na picha haiwezi kutoka vizuri bila huo kukaa karibu na sehemu inayopimwa. Waliniwekea mto chini ya magoti, wakanipa vizibo vya masikio na kipira cha mpira cha kuminya iwapo nitahitaji msaada. Mtaalamu aliitenganisha mikono yangu na mapaja kwa vipande vya sponji na akanikataza kufumbata viganja au kukunja mguu mmoja juu ya mwingine. Nilidhani ni suala la kunyoosha mwili tu, mpaka aliponieleza kwamba ngozi inapogusa ngozi huweza kutengeneza mzunguko wa umeme na kuacha alama ya moto. Nimelitaja hili kwa sababu wengi wetu, tukiogopa, jambo la kwanza tunalofanya ni kufumbata mikono tumboni.

Kuhusu kelele, msomaji asitarajie ukimya kwa kuwa mashine ni ya wazi. Ile ya wazi kwa kawaida ina kelele ndogo kuliko ya bomba, lakini bado inagonga kama fundi anayepigilia bati juu ya paa, kwa mapigo ya haraka, kisha inanyamaza, kisha inaanza tena kwa mlio mwingine. Kelele hizo hutoka kwenye koili zilizomo ndani ya mashine, zinazotetemeka umeme unapopitishwa na kukatizwa kwa kasi. Kila mlio ni seti moja ya picha, na kila seti huchukua dakika kadhaa. Mtaalamu alikuwa akiniambia kupitia kipaza sauti, “Hii ni ya dakika nne, dada, tulia,” na kujua urefu wa kila kipande kulinisaidia kuliko maneno yoyote ya kutia moyo. Asiyeambiwa aombe kuambiwa. Mwili unaweza kuhisi joto kidogo, nalo ni la kawaida. Joto kali mahali pamoja si la kawaida, na hapo kipira huminywa mara moja.

Kutulia ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na katika mashine ya wazi kazi hiyo ni kubwa zaidi. Sumaku yenye nguvu ndogo hupata ishara dhaifu, na ili kufidia udhaifu huo mashine hukusanya ishara kwa muda mrefu zaidi, hivyo kipimo kinachoweza kumalizika kwa dakika 20 kwenye bomba kinaweza kufika dakika 40 au saa nzima. Mgonjwa akijisogeza katikati ya seti, picha zote za seti hiyo hufifia na huenda zikarudiwa. Kuna habari niliyoisoma nikiwa nasubiri majibu yangu, nami nimeiona inafaa hapa: Julai 1977, huko New York, daktari Raymond Damadian alipotaka kupata picha ya kwanza ya mwili wa binadamu kwa njia hii, alijilaza yeye mwenyewe na picha haikupatikana, waliona huenda unene wake ndio uliozuia, ndipo msaidizi wake mwembamba, Larry Minkoff, alipoingia na kukaa humo karibu saa tano ili kipatikane kipande kimoja cha kifua. Nikikumbuka saa hizo, dakika 40 naziona za heri.

Mimi nilitulia kwa kuvuta pumzi polepole na kutazama pembeni, alipokuwa amekaa dada yangu. Hii ni neema ya mashine ya wazi ambayo naiona kubwa kuliko upana wenyewe, kwamba ndugu anaweza kukaa karibu muda wote, akauona uso wako, na pale ambapo koili hairuhusu kusogea akakushika hata kidole cha mguu. Mama mwenye mtoto anaweza kumsemesha mtoto wake mpaka kipimo kiishe, na mara nyingine hilo humwepusha mtoto na dawa ya usingizi. Mtu mzima ambaye hata kwa hali hiyo anashindwa anaweza kuandikiwa dawa nyepesi ya kutuliza, na huyo asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo.

Wagonjwa wengine hupewa dawa ya kuongeza mwangaza kwenye picha, yenye madini ya gadoliniamu, inayodungwa kwenye mshipa wa mkono. Mimi sikuhitaji. Mwenye ugonjwa wa figo lazima auseme kabla ya kudungwa, na wajawazito kwa kawaida hawapewi.

Lazima niseme pia kwamba mashine ya wazi haifai kwa kila kitu. Kwa mgongo, magoti na mabega mara nyingi inatosha. Kwa vitu vidogo sana, au kwa moyo unaopiga bila kupumzika, daktari anaweza kutaka picha kali za mashine ya bomba, na akitaka hivyo si kwamba anamsumbua mgonjwa. Ni haki ya mgonjwa kuuliza: je, kwa tatizo langu, picha za mashine ya wazi zitajibu swali lako, daktari? Swali hilo liulizwe kabla ya kulipia.

Baada ya kipimo hakuna maumivu wala uchovu. Nilivaa nguo zangu nikarudi nyumbani Nzuguni kwa daladala. Picha husomwa na daktari bingwa wa radiolojia, ambaye mgonjwa huenda asimwone kabisa, na ripoti yake ndiyo hurudishwa kwa daktari aliyeandika rufaa. Ripoti yangu ilitaja diski iliyotokeza kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno na kugusa mshipa wa fahamu, na ilitaja pia diski nyingine mbili zilizochakaa. Ndugu walioisoma walikwishaanza kuzungumzia upasuaji. Daktari wangu aliinyoosha miguu yangu mmoja baada ya mwingine, akapima nguvu ya vidole na sehemu yenye ganzi, ndipo akasema kwamba diski ile ya kwanza inalingana na ninachokihisi, na kwamba uchakavu kama ule wa zile mbili huonekana kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. Niliendelea na mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu, nikabadilishiwa kiti ofisini, na ganzi ikapungua taratibu bila kisu.

Kwa baba mdogo mambo yalikwenda tofauti. Picha zake zilionyesha mahali ambapo nafasi ya uti wa mgongo shingoni imebanwa, lakini daktari alitaka kuona kwa undani zaidi kiasi cha mbano huo kabla ya kuamua juu ya upasuaji, akamwandikia kipimo cha mashine ya bomba. Yeye hana hofu ya mahali pembamba. Kwenye ile ya wazi alipelekwa kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi ya karibu. Tulimwombea CD ya picha za awali pamoja na ripoti na eksirei ya macho, akaenda navyo, na fomu ilipoletwa, kabla hajaulizwa chochote, alianza kwa kusema kwamba alikuwa fundi wa kuchomelea.